Kuni za Mwalimu Namono

Mimi sina subira, na sijawahi kujifanya ninayo. Watu wakisikia kwamba nafundisha watoto wa miaka mitatu hudhani nimeumbwa kwa asali. La hasha. Watoto nawapenda, na wao wananipenda, lakini mtu mzima akiniletea upuuzi namrudishia palepale ukiwa bado moto. Naitwa Hajarah, Mnubi wa Jinja, na haya ninayosimulia yalitokea Mbale, mtaa wa Namakwekwe, mwaka 1988, wakati vita vya Teso vilipotuletea watoto wengi kuliko nafasi tuliyokuwa nayo.

Shule yetu ilikuwa ya chekechea, sisi tunasema nasari. Jengo lenyewe lilikuwa ghala la kahawa hapo zamani: chumba kimoja kirefu, bati juu, madirisha mawili madogo. Miaka miwili kabla ya hapo tulikuwa na watoto arobaini na sita na walimu watatu. Kisha watu wakaanza kukimbia kutoka Kumi na Ngora. Wengine walipanga vyumba Nakaloke, wengine wakaja huku kwetu, na kila mama aliyekuja alikuwa na mtoto mmoja mgongoni na mwingine mkononi. Kufikia mwezi wa sita tulikuwa na watoto mia moja na wanane. Mwalimu wa tatu alikuwa ameolewa Busiu, akaenda zake. Tukabaki wawili, mimi na Namono.

Namono alikuwa Mgisu wa palepale Mbale, ana miaka ishirini na mitatu, mfupi, mcheshi, na mwenye kipaji ambacho mimi sina: mtoto aliyelia tangu Kumi alikuwa ananyamaza akiwekwa mapajani pake. Mumewe alikuwa askari, yuko hukohuko Teso, na barua zake zilifika pale zilipojisikia kufika. Kwa hiyo kazi ya nasari ndiyo iliyomlisha Namono na mama mkwe wake. Na mwezi huo wa sita mimba yake ilikuwa na miezi mitano.

Sasa nieleze tulivyofanya kazi, maana watu hudhani mwalimu wa nasari anaimba nyimbo tu halafu anakwenda nyumbani. Tulifika kabla ya saa moja. Tuliondoka mtoto wa mwisho alipochukuliwa, na mtoto wa mwisho alikuwa wa mama muuza samaki ambaye basi lake lilitegemea huruma ya askari wa vizuizi vya barabarani. Choo kilikuwa nyuma ya jengo, mbali, na ukiondoka unamwachia mwenzako watoto mia. Basi tulijizoeza kutokunywa maji asubuhi. Mpaka leo nikinywa maji kabla ya saa sita naona kama naiba. Uji wa watoto tulikula sisi mwisho, tumesimama, kama ulibaki. Na viti hatukuwa navyo.

Viti vya walimu viliibwa katika vita vya mwaka 1979, vikaibwa vyote pamoja na milango. Milango ilirudishwa. Mabenchi ya watoto yalichongwa upya. Viti vya walimu havikurudi, na baada ya miaka kadhaa jambo hilo likageuka sheria. Mwalimu mkuu wetu, Mzee Geresom, aliyeianzisha shule hiyo baada ya kustaafu shule ya msingi, alikuwa na msemo wake: mwalimu akikaa, darasa linalala. Aliusema kwa wazazi, kwa wageni, na kwetu kila Jumatatu, na wazazi walimpigia makofi.

Sitaki mumchukie. Mzee Geresom ndiye aliyefungua tena shule baada ya vita vile, wakati wengine wote waliogopa hata kufungua dirisha. Alikuja kila siku kwa baiskeli yake, kofia kichwani, akapanga foleni ya uji na kuwakata kucha watoto ambao mama zao hawakuwa na wembe. Lakini kuna watu wakishavumilia jambo gumu, wanataka kila mtu alivumilie pia, ili uvumilivu wao usionekane wa bure. Yeye alikuwa mmoja wao.

Mwezi wa saba miguu ya Namono ilivimba. Alianza kuvaa kandambili za mama mkwe wake kwa sababu viatu vyake havikuingia. Kichwa kilimuuma, macho yakaona nyota mchana. Yeye alicheka. "Dada Hajarah, hii mutoto iko nataka kuwa mwanajeshi, iko napiga mateke." Mimi sikucheka. Nilimshika mkono siku ya Ijumaa jioni, nikampeleka kwa mkunga.

Mkunga alimpima presha mara mbili, akatoa kile chombo masikioni taratibu, akaniangalia mimi badala ya kumwangalia Namono. Alisema kila siku, kuanzia saa sita hadi saa nane, Namono alale ubavu, miguu juu ya mto. Si akae: alale. Asipolala, mtoto hatafika, na huenda mama naye asifike.

Njiani kurudi Namono alilia, nami nikamwacha alie. Kisha akasema jambo lililonitia uchungu zaidi ya presha. "Dada, usiambie Mzee. Atanitoa kazi."

Mficha maradhi, kilio humfichua. Nilimwambia Mzee siku hiyohiyo.

Alinisikiliza akiwa ameshika usukani wa baiskeli, hajaiegemeza popote. "Madamu," akasema, "mimi nimesimama miaka thelathini. Nani alileta mimi kiti? Kama Namono ni mugonjwa, alale kwake. Iko musichana ya ndugu yangu, hana kazi. Atakuja Jumatatu."

"Na mshahara wa Namono?"

"Mushahara ni ya mwenye kusimama."

Nikamwambia tunachohitaji ni saa mbili tu kwa siku, kina mama wawili wawili waje kwa zamu kushika watoto mchana, wapike na chakula kidogo, Namono alale pembeni, basi. Hakuna mtu atakayefukuzwa na hakuna darasa litakalolala.

Akacheka kwa dharau ndogo ya wazee. Watu hawa wamekimbia vita, akasema, na waliobaki wana mashamba na soko. Nani ataacha kazi yake aje kumlea mwalimu? Mwalimu ndiye hulea. Kisha akaniwekea sharti, kwa kuwa alijua litanishinda. "Lete wazazi kumi. Kumi peke yake. Jumatatu, saa moja, hapa kwa mulango. Ukileta kumi, nakubali. Usipoleta, musichana ya ndugu yangu anaingia."

Nikasema sawa. Ndivyo nilivyo; ningesema sawa hata angetaka mia.

Jumamosi na Jumapili sikumpata mtu. Hawa walikuwa harusini, hawa kanisani, hawa shambani tangu asubuhi. Njia pekee ilikuwa kuwakuta Jumatatu alfajiri kabla hawajatoka. Nikamwomba Wilkista twende pamoja. Wilkista alikuwa ndiye huyo mama muuza samaki, Mkenya wa upande wa pili wa mpaka, mjane mwenye sauti ya kuita basi likiwa tayari limeondoka. Alikuwa na deni la shukrani kwangu kwa zile jioni zote, na alikuwa mtu anayejua hivyo. "Twende, mwalimu," akasema. "Wewe uchukue mkono wa kushoto, mimi wa kulia. Tumalize kabla jua litoke."

Nyumba zilikuwa nyingi na muda mdogo, kwa hiyo ujumbe tuliufupisha. Unagonga, mtu anaitika, unasema: "Ni habari ya Mwalimu Namono. Shuleni, saa moja. Kila nyumba mtu mmoja na ukuni mmoja." Kisha unakimbilia mlango mwingine. Kuni zilikuwa wazo langu. Kama kina mama watapika mchana, watahitaji moto, na kwetu Jinja, katika mtaa wa Wanubi, mwanamke akizaa au akioza binti majirani huja na ukuni mmoja mmoja na kazi inakuwa nyepesi. Niliona ni jambo la heri. Nilijiona hata mwerevu.

Kosa lilikuwa langu na la Wilkista sawasawa. Sisi sote wawili tulikuwa wageni pale. Matanga ya Namakwekwe nilishayahudhuria mengi, lakini nilifika kama mgeni anavyofika, moto umeshawaka, watu wameshaketi. Sikuwahi kujiuliza kuni zilifikaje. Katika mtaa ule habari ya kifo haisemwi kwa jina lake. Mtu anagonga alfajiri, anataja jina la mtu, anataja mahali, anataja kuni. Basi. Haongezi neno, na wewe huulizi; unampitishia jirani, unajiandaa kwenda.

Tena tuligonga kwa Kiswahili. Mlango ukigongwa kabla ya jua na sauti ya nje ikawa ya Kiswahili, watu wa Mbale wa miaka ile walikumbuka askari kwanza. Hawakufungua ili wazungumze. Waliitikia ndani kwa ndani, "Tumesikia," na mimi nikaendelea mbele nikifurahi jinsi watu walivyokuwa wepesi kukubali. Nyumba ya kumi ilipoitikia nilijisemea: Mzee Geresom, umekwisha.

Saa moja kasorobo nilikuwa mlangoni pa nasari, nimejifunga kanga kiunoni, nikisubiri wazazi wangu kumi.

Walikuja zaidi ya mia mbili.

Kwanza niliona kuni. Zilitokea kwenye kona ya kinu cha mahindi juu ya vichwa vya wanawake, foleni ndefu, kimya kabisa. Nyuma ya kuni walikuja wanaume wamevaa makoti, na nyuma ya makoti mikungu ya ndizi. Wakimbizi wa Teso walikuja kikundi kimoja, watoto wao mgongoni, ingawa wao wenyewe hawakuwa na kuni za kutosha kuchemshia chai. Kukhu alikuwa mbele. Ni bibi mmoja ambaye mtaa mzima ulimwita hivyo, na mikononi alikuwa na mkeka uliokunjwa. Aliweka ukuni wake chini mlangoni pangu, akanikumbatia, akaanza kulia kwa sauti. Wanawake wote wakafuata.

"Kukhu, nini?" nikamuuliza. "Kuna nini?"

"Mutoto alikuwa muzuri," akasema begani mwangu. "Jana nilimuona. Miguu yake ilikuwa kubwa, na mimi nikanyamaza. Sasa amekufa."

Hapo ndipo nilipoelewa. Nikamtazama Wilkista. Wilkista alikuwa ameelewa kabla yangu, ameweka kiganja mdomoni. Nilifungua kinywa niwaambie watu ukweli, na wallahi ningeuambia, lakini baiskeli ya Mzee Geresom ikafika.

Alishuka. Akaona kuni, akaona mikeka, akasikia jina la Namono likililiwa na wanawake mia. Hakuuliza, maana yeye ni mtu wa pale, na mtu wa pale haulizi. Aliiachia baiskeli ikaanguka chini na kengele yake ikalia. Alivua kofia. Na yule mzee ambaye sijawahi kumwona akikaa mbele ya watu alikaa chini kwenye vumbi, miguu imenyooka mbele yake.

"Ni mimi," akasema. "Ni mimi nilimuua. Madamu aliniambia Ijumaa. Aliniambia mutu huyu alale, mimi nikasema simama. Nilisema simama!" Alijipiga kifuani na ile kofia. "Wazee, mufanye mimi munavyotaka."

Kilio kikakatika. Watu walimtazama yeye, kisha wakanitazama mimi.

Namono alitokea upande wa choo, na kandambili zile za mama mkwe, amechelewa dakika kumi. Alikuwa amepumzika njiani mara mbili kwa sababu ya miguu. Aliona umati, akaona kuni, akafanya kile ambacho Mgisu yeyote angefanya: akaweka mikono kichwani na kuanza kulia. "Ni nani?" akauliza. "Jamani, nani amekufa?"

Mwanamke mmoja alikimbia. Wengine walicheka huku machozi yakiwatoka, wengine walikasirika, na Kukhu alikwenda akamshika Namono mashavu, akamfinya kabisa, apate kuhakikisha.

Mzee Geresom alisimama. Aibu ilimpanda usoni, na aibu ya mzee mbele ya mtaa wake si jambo dogo. "Nani alidanganya watu?" akanguruma. "Nani alileta kuni ya kufa kwa shule ya watoto?"

"Mimi," nikasema. "Sikujua. Kwetu kuni ni za heri. Nisameheni, nimewaliza bure." Kisha hasira yangu, ambayo ilikuwa imenitoroka, ikarudi, nami nikamshukuru Mungu kwa hilo. "Lakini si bure sana. Mmekuja mia mbili kumzika. Ijumaa niliomba wawili kwa zamu wamsaidie akiwa hai, nikaambiwa hawapatikani. Kumbe mnapatikana! Mlikuwa mnasubiri afe kwanza?"

Mtu mmoja akasema niwe na adabu. Nikamwambia adabu nitakuwa nayo nikishamaliza.

Nikawaambia habari za Jinja. Sikuwahi kumwambia mtu yeyote Mbale, hata Namono. Mwezi wa nne mwaka 1979, jeshi lilipokaribia daraja, nilikuwa mwalimu katika nasari ya watoto wa wafanyakazi wa kiwanda. Kina mama waliwaleta watoto asubuhi, mizinga ikaanza, na hawakuweza kurudi. Wenzangu walikimbia. Mimi ningekimbilia wapi? Mnubi wakati ule alihesabiwa mtu wa serikali iliyokuwa inaanguka, hakutembea barabarani. Nilibaki na watoto thelathini na mmoja kwa siku tatu. Nilisimama dirishani, nilisimama jikoni, nilisimama mlangoni usiku na mchana, na nilikuwa na mimba ya miezi sita. Siku ya tatu kina mama walirudi, kila mmoja akachukua wake, wakanishukuru, wakanibusu mikono, wakaenda. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama nimekaa. Usiku huo mtoto wangu alitoka, amekufa, na mume wangu Marjan alimzika uani peke yake kwa jembe la kuazima.

"Watoto thelathini na mmoja wako hai," nikawaambia. "Niliwalea vizuri. Wa kwangu hayupo. Sitaki kusifiwa uvumilivu. Nataka huyu alale."

Sikulia. Nilikuwa nimekasirika mno.

Ndipo mtu wa baraza la mtaa akasema, kwa upole, kwamba basi tumeelewa, mambo yatazungumzwa, na kwa sasa kila mtu achukue ukuni wake arudi nyumbani. Alikuwa kijana wa ofisi. Kukhu alimgeukia.

"Nirudishe kuni ya kilio kwa nyumba yangu?" akamuuliza. "Mama yako hakukufundisha?"

Sisi wageni tulitazamana. Wilkista alimnong'oneza jirani yake, akajibiwa, naye akanielezea: ukuni uliotoka nyumbani kwenda kwenye kilio haurudi. Ukiurudisha, unakirudisha kilio kwako. Hakuna mwanamke hata mmoja pale, mkristo, mwislamu au mwingine yeyote, ambaye angebeba ule ukuni kuvuka kizingiti chake. Kuni zingebaki hapo mlangoni, lundo lililofika kiunoni mwangu, na mahali palipo na kuni za kilio lazima moto uwashwe, na moto ukiwashwa lazima watu wale, na watu wanaokula huwezi kuwafukuza.

"Basi tupike," akasema Wilkista, kwa sauti yake ile ya basi. "Ndizi ziko, kuni ziko. Mwalimu alale. Mimi naanza leo, kesho nani?"

"Mimi," akasema mama mmoja wa Kumi.

"Kesho kutwa mimi," akasema mwingine.

Kukhu hakungoja hesabu iishe. Aliingia darasani na mkeka wake, ule wa kukalia matanga, akautandika pembeni chini ya dirisha, akavua shuka yake mabegani akaikunja iwe mto wa miguu. "Njoo," akamwambia Namono. Namono alimtazama Mzee Geresom. Mazoea ni kitu kibaya. Hata pale, baada ya yote yale, alikuwa anangoja ruhusa.

Mzee Geresom alikuwa ameinua baiskeli yake na alikuwa anaipangusa vumbi kwa kofia. Alichukua muda mrefu na kile kiti cha baiskeli, ambacho hakikuwa na vumbi. Watu mia mbili walikuwa wamemsikia akisema kwamba amemuua. Angeweza kusema hakuwa na akili, kwamba alidanganywa. Ninampa heshima yake: hakusema.

"Namono," akasema, "mimi nilikuzika leo. Nimeona vile inakuwa. Lala."

Namono akalala, saa mbili asubuhi, si hata saa sita.

Zamu zilianza siku hiyo na hazikukatika. Kina mama wawili kila mchana. Wengine walijua nyimbo kuliko sisi, wengine hawakujua chochote ila kushika watoto mikono, na hiyo ilitosha. Tulianza kula tukiwa na sahani zetu wenyewe. Nilianza kwenda chooni kama binadamu. Jumatano zamu ilikuwa ya Mzee Geresom mwenyewe, aliyeomba, na nusu saa ya kwanza mtoto mmoja alimkojolea gotini na mwingine akatokomea na kofia yake. Yule binti wa ndugu yake alikuja kweli, lakini hakuja kuchukua nafasi ya mtu. Alikuja kuwa mwalimu wa tatu, na alikuwa mzuri, jambo lililoniudhi kidogo kwa sababu nilikuwa nimeshajiandaa kumchukia.

Presha ya Namono ilishuka, ikapanda, ikashuka tena. Mwisho wa mwezi wa kumi alijifungua hospitalini mtoto wa kike, mzima, mwenye sauti. Nilipoambiwa nilikuwa na watoto mia moja na wanne mbele yangu, na nililia mbele yao wote. Walinitazama kwa mshangao mkubwa. Mmoja akaniletea kitambaa chake cha mafua, nikakitumia.

Wiki iliyofuata, Mzee Geresom alikuja mchana akakohoa. Akawashukuru kina mama wa zamu. Akasema Namono amejifungua salama, kazi waliyoitiwa imekwisha, sasa wanaweza kurudi kwenye shughuli zao, na mkeka wa Kukhu urudishwe kwa mwenyewe na asante. Alisema vizuri, bila ubaya. Mimi niliinama nikaanza kuukunja ule mkeka. Sikuwa na hoja. Hata mimi, pamoja na mdomo wangu wote, nilidhani jambo lilikuwa la mimba.

Wilkista alikanyaga ncha ya mkeka.

"Mzee," akasema, "wewe ulifikiri tulikuja sababu ya tumbo?" Akaninyooshea kidole, na kidole chake kilinuka samaki. "Na huyu? Huyu ni mbao? Tangu nimjue, sijawahi kumwona amekaa. Miezi mitatu anamlaza mwenzake, yeye yuko wima. Mwalimu, lala."

Nikasema sina usingizi. Nikasema nina kazi. Nikasema mimi si mgonjwa, na kwamba mtu asiyekuwa mgonjwa hawezi kulala saa sita mchana mbele ya watoto, halafu nikasikia maneno hayo yanavyofanana na ya nani. Nikamwangalia Mzee Geresom. Yeye alikuwa anaangalia bati.

Nikavua viatu nikalala, ili tu wanyamaze. Nilikusudia dakika tano.

Niliposhtuka, mwanga wa dirishani ulikuwa umehamia ukuta wa pili. Hakukuwa na mtoto hata mmoja. Mabenchi yalikuwa yamepangwa, masufuria yameoshwa, mtu alikuwa amenifunika shuka. Wazazi mia moja walikuwa wameingia na kuchukua watoto wao mbele ya uso wangu, nami sikusikia chochote. Nikaanza kutafuta viatu kwa miguu. Kisha nikasikia nje gari la mkaa likisimama, dereva akipiga honi mara mbili kama kawaida yao, na sauti ya Mzee Geresom kutoka kizingitini, pale alipokuwa ameketi akiuzuia mlango kwa mwili wake.

"Wewe, wacha kelele," alimwambia yule mtu, kwa hasira ya kweli. "Huoni? Mwalimu iko nalala."

Nikarudisha kichwa mkekani.